Wasomaji Wauliza: Nukta za Kwanta, Rangi Zake na Kisa cha Sumaku

Tangu tuchapishe habari fupi kuhusu televisheni zenye nukta za kwanta, yaani chembe za fuwele zenye upana wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), barua za wasomaji hazijakoma. Nimechagua saba, nikazifupisha bila kubadilisha maana, na nimezijibu kwa kadiri ya uzito wa swali, si kwa urefu wa barua. Barua ndefu kuliko zote imepata jibu la mistari michache, na mwenyewe naomba aniwie radhi.

*Mheshimiwa Mhariri, nilikwenda mjini kutafuta televisheni, na muuzaji akaniambia kwamba ile yenye maandishi ya QLED ni ghali kwa sababu ndani yake mna nukta zinazojiwakia zenyewe pasipo taa. Jirani yangu anasema hayo ni maneno ya biashara tu, tena kwamba nukta hizo hutoa mionzi inayodhuru macho ya watoto. Nimwamini nani? — Msomaji wa Ntinda, Kampala*

Ndugu msomaji, kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli na kukiunganisha na kosa. Nukta zimo kweli, kwa hiyo si maneno ya biashara matupu. Lakini katika televisheni nyingi zinazouzwa kwa jina hilo nukta hazijiwakii hata kidogo. Hupokea mwanga wa taa zilizo nyuma ya kioo, zikaubadilisha rangi, zikautoa tena.

Nililiona jambo hili kwa macho yangu katika kibanda cha fundi mmoja wa Katwe, aliyekuwa akifungua televisheni ya aina hiyo iliyopasuka kioo. Baada ya kukiondoa kioo alitoa karatasi za plastiki moja baada ya nyingine, nyeupe zote, mpaka akafika kwenye moja yenye umanjano hafifu, kama chai ya rangi iliyozidishiwa maji. Aliiweka kando akawasha taa za nyuma. Kibanda kizima kiligeuka buluu kali, hata mikono yetu ikafanana na mikono ya maiti. Aliporudisha ile karatasi ya manjano juu ya taa zilezile, buluu ikatoweka na mwanga ukawa mweupe.

Karatasi hiyo ndiyo yenye nukta. Taa zote za nyuma ni za buluu, zenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 450. Sehemu ya buluu hiyo hupita bila kuguswa, sehemu nyingine humezwa na nukta kubwa zinazotoa nyekundu ya karibu nanomita 630, na nyingine humezwa na nukta ndogo zinazotoa kijani ya karibu nanomita 530. Rangi tatu hizo zikichanganyika, jicho huona nyeupe. Faida unayoilipia ni kwamba nyekundu na kijani za nukta ni safi, yaani kila moja imebanwa katika ukanda mwembamba wa mawimbi, na kwa hiyo rangi zinazoundwa kutokana nazo huwa nyingi na zilizokolea kuliko za televisheni ya kawaida. Kama tofauti hiyo inastahili bei uliyotajiwa, ni juu ya mfuko wako. Mimi ningetaka kwanza kuziona televisheni zote mbili zikionyesha picha ileile.

Kuhusu mionzi, nukta hizi si vitu vya mionzi ya nyuklia kwa namna yoyote. Kinachotoka ni mwanga wa kawaida unaoonekana, na zima taa ya nyuma uone kama kutabaki chochote. Suala la sumu ni tofauti, nalo nimelijibu chini kwa aliyeliuliza.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari wilayani Iganga. Wanafunzi wangu wameniuliza inawezekanaje kitu kimoja, chenye atomu zilezile kwa uwiano uleule, kiwe chekundu kikiwa kikubwa na buluu kikiwa kidogo. Dhahabu ni dhahabu hata ukiikata vipande, nao wana haki ya kushangaa. Niwaeleze vipi bila kuwapa hesabu za chuo kikuu? — Mwalimu, Iganga*

Mwalimu, umeandika kutoka Busoga, na Busoga ina kifaa bora cha kufundishia somo hili kuliko nilivyoona katika vitabu vingi: embaire, ile marimba kubwa ya mbao. Nitafika huko, lakini tuanze na kinachotokea ndani ya nukta.

Semikondakta ni kitu kisichopitisha umeme kwa wepesi wa shaba wala kuuzuia kama plastiki. Elektroni zake zimejaa katika ngazi ya chini ya nishati. Juu yake kuna pengo ambamo hakuna elektroni inayoweza kukaa. Na juu ya pengo kuna ngazi iliyo tupu. Mwanga wenye nishati ya kutosha ukiingia, huirusha elektroni moja juu ya pengo, na mahali ilipotoka hubaki tundu, ambalo hutenda kama chembe yenye chaji chanya. Elektroni na tundu huvutana, na wawili hao kwa pamoja huitwa eksitoni. Elektroni ikirudi na kulijaza tundu, nishati iliyobaki hutoka kama fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, na rangi ya fotoni hiyo hutegemea ukubwa wa pengo. Selenidi ya kadimiamu, ambayo ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote, ikiwa donge la kawaida ina pengo la elektronivolti 1.74 (elektronivolti ni kipimo cha nishati), ambalo liko ukingoni mwa nyekundu, karibu na mahali jicho linapokoma kuona.

Sasa, eksitoni ina ukubwa wake wa asili. Katika selenidi ya kadimiamu elektroni na tundu hupenda kuachana kwa umbali wa nanomita 5 hivi. Donge lenye upana wa milimita moja ni bara zima kwao, na hawajui kwamba lina mipaka. Lakini ukitengeneza chembe yenye kipenyo cha nanomita 4, umewafungia ndani ya chumba kilicho kidogo kuliko wanavyohitaji. Elektroni ni wimbi pia, na wimbi lililofungiwa hulazimika kujikunja hadi litoshee kati ya kuta. Kadiri linavyojikunja zaidi ndivyo nishati yake inavyopanda, na nishati hiyo huongezwa juu ya lile pengo la 1.74. Kitu hakikubadilika, chumba ndicho kilichobadilika.

Hapa ndipo embaire inapoingia. Mwambie mwanafunzi apige ubao mrefu, kisha mfupi. Atasikia sauti ya juu zaidi kwenye mfupi, ingawa mti ni uleule. Wengi wa wanaofundisha jambo hili hutumia uzi wa gitaa, nami naona wanakosea kidogo. Uzi ukiufupisha hadi nusu, idadi ya mitetemo yake huongezeka mara mbili. Ubao wa embaire, wenye unene uleule, ukiufupisha hadi nusu, mitetemo huongezeka mara nne, kwa sababu ubao hupinda badala ya kuvutwa. Elektroni iliyofungiwa hufuata sheria ya ubao, si ya uzi: nusukipenyo kikipungua hadi nusu, nishati ya kubanwa huwa mara nne. Mafundi wa embaire wanalijua jambo hilo mikononi mwao, maana wakitaka kupandisha sauti hukata ncha kidogo sana, na wakitaka kuishusha hupunguza unene katikati, chini ya ubao.

Ukitaka hesabu ndogo ya ubaoni, hii hapa. Chukua nukta ya selenidi ya kadimiamu yenye nusukipenyo cha nanomita 3. Kubanwa kunaongeza takriban elektronivolti 0.41, na mvutano kati ya elektroni na tundu unarudisha chini kama 0.09, hivyo jumla ni karibu 2.06, ambayo ni mwanga wa rangi ya chungwa. Punguza nusukipenyo kiwe nanomita 2: kubanwa sasa kunaongeza 0.93, mvutano unapunguza 0.13, na jumla inakuwa 2.54, buluu inayoelekea kijani. Waache wanafunzi wagawanye 0.93 kwa 0.41 na kulinganisha jibu na mraba wa 3 gawanya kwa 2.

Uwaambie ukweli pia, kwamba hesabu hii hutia chumvi. Katika maabara, nukta yenye kipenyo cha nanomita 4 hung'aa kati ya manjano na chungwa, si buluu. Hesabu imechukulia kwamba kuta za chumba haziwezi kupenywa kabisa, kumbe wimbi la elektroni huchungulia nje kidogo, na mtu anayeweza kuchungulia dirishani hajabanwa sana kama aliyefungiwa gizani. Tena imechukulia kwamba elektroni huwa na wepesi uleule hata ikipandishwa nishati, jambo ambalo si kweli. Mwelekeo ni sahihi na kanuni ya mraba inafaa kwa kuanzia. Tarakimu zenyewe zisichukuliwe kama sheria.

Dhahabu yako pia, Mwalimu, si dhahabu hata ukiikata vipande. Chembe zake za nanomita kumi na zaidi kidogo ndani ya maji zina rangi nyekundu ya divai. Sababu yake ni nyingine, haihusu pengo, kwa hiyo usizichanganye siku hiyohiyo.

*Mhariri, ni nani aliyegundua vitu hivi, na ni lini? — Msomaji, Gulu*

Watu watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023: Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi.

Ekimov alikuwa Muungano wa Kisovyeti akichunguza vioo vya rangi. Alitia kloridi ya shaba ndani ya kioo na kukipasha moto kati ya nyuzi 500 na 700 za Selsiasi, kwa muda wa saa 1 hadi 96, kisha akapima fuwele zilizojiunda humo kwa eksirei. Kioo kilichokaa motoni muda mfupi kilikuwa na fuwele ndogo, nacho kilimeza mwanga ulioelekea buluu zaidi. Alichapisha mwaka 1981, katika jarida la Kisovyeti ambalo wenzake wa Magharibi hawakulipata kwa urahisi. Mwaka 1983 Brus, aliyefanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, aliona jambo hilohilo katika chembe za sulfidi ya kadimiamu zilizokuwa zikielea ndani ya kimiminiko: alikiacha mezani kwa siku moja, na chembe zilipokua, mwanga ziliokuwa zikimeza ukawa umebadilika. Hakujua habari za Ekimov.

Bawendi, ambaye baba yake alikuwa mwanahisabati kutoka Tunisia, alikuja baadaye kutatua tatizo la mikono. Nukta za awali zilikuwa za ukubwa mchanganyiko, na mchanganyiko wa ukubwa ni mchanganyiko wa rangi. Mwaka 1993 yeye na wenzake wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, walidunga viambato kwa ghafula ndani ya kiyeyusho cha moto sana, mbegu za fuwele zikazaliwa zote kwa mkupuo mmoja, na kwa kudhibiti joto wakazikuza kwa mwendo mmoja. Chupa hubadilika mbele ya macho, kutoka manjano kwenda chungwa hadi nyekundu, na mtu anaamua aisimamishe wapi.

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi mjini Mbarara. Nimesoma kwamba nukta za kwanta hubadili mwanga wake zikiwekwa katika uga wa sumaku. Nina sumaku kubwa ya spika iliyoharibika. Je, nikiweka mbele ya televisheni ya mjomba nitaona rangi ikibadilika? Na kama sivyo, hao wanaopima wanapima nini? — Mwanafunzi, Mbarara*

Marahaba, mwanangu. Iache televisheni ya mjomba ipumzike, hutaona chochote. Lakini swali lako la pili ndilo lililonifanya nikeshe nikiandika ukurasa huu, kwa sababu mwanga wa nukta ni kama barua ambayo sumaku imeandikia ndani yake, na kazi ni kuisoma.

Elektroni, mbali na chaji yake, ina spini, inayoifanya itende kama sumaku ndogo yenye kuelekea juu au chini. Tundu nalo lina yake. Pasipo uga wa sumaku, juu na chini ni sawa kwa nishati, na mwanga unaotoka ni mstari mmoja. Ukiweka uga, mwelekeo mmoja huwa na nishati kidogo zaidi ya mwingine, na mstari hugawanyika. Pieter Zeeman, Mholanzi, aliona athari ya namna hii katika mwanga wa sodiamu mwaka 1896, muda mrefu kabla ya nukta kujulikana. Katika nukta ambayo mhimili wake unafuata uga, sehemu mbili za mstari hutofautiana pia kwa tabia: mwanga wa moja huzunguka kulia unaposafiri, wa nyingine huzunguka kushoto. Kichujio kinachofaa kinaweza kuruhusu mmoja na kuzuia mwingine, na kwa njia hiyo mtu husoma mwelekeo wa spini bila kuigusa.

Mgawanyiko huo ni mdogo kiasi gani? Kwa kila tesla moja ya uga (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), spini yenye kigezo cha g cha 1, yaani namba inayoonyesha jinsi inavyoitikia uga, hugawanyika kwa mikroelektronivolti 58, na mikroelektronivolti ni sehemu moja ya milioni ya elektronivolti. Uga wa dunia hapa Uganda ni takriban mikrotesla 33, na mashine ya kupigia picha za MRI hospitalini kwa kawaida huwa na tesla 1.5. Tuseme umepata sumaku ya maabara ya tesla 10, kubwa mara laki tatu kuliko uga wa dunia uliosimama ndani yake sasa hivi. Mgawanyiko utakuwa mikroelektronivolti 580, yaani karibu sehemu moja kati ya 3,400 ya nishati ya fotoni nyekundu ya televisheni. Na fotoni nyekundu za televisheni si za nishati moja, kwa sababu nukta hazilingani kabisa kwa ukubwa. Zimetawanyika katika upana wa mikroelektronivolti 90,000 na zaidi. Kuutafuta mgawanyiko wa 580 humo ni kumtafuta mtu mmoja asiye na kofia katika umati wa mahujaji pale Namugongo tarehe 3 Juni.

Kuna kikwazo cha pili, nacho ni joto. Katika chumba cha nyuzi 27, mtikisiko wa joto una nishati ya mikroelektronivolti 26,000 hivi. Spini haiwezi kukaa upande wa chini wakati inasukumwa kwa nguvu mara 45 ya kile kinachoishikilia. Ndiyo maana wapimaji huzitumbukiza nukta katika heliamu ya kimiminiko, kwa kelvini 4.2, karibu na sifuri kamili, ambako mtikisiko hushuka hadi mikroelektronivolti 360, na hapo spini hutii. Wengine huchagua nukta moja peke yake chini ya hadubini, ili wasisumbuliwe na umati.

Kati ya wanayoyapima, napenda kukueleza mawili. La kwanza ni kwamba uga huipandisha kidogo nishati ya eksitoni yote, kwa kiasi kinachokwenda na mraba wa uga na mraba wa upana wa eksitoni yenyewe. Kwa hiyo sumaku hutumika kama futi: eksitoni iliyobanwa sana husogea kidogo, iliyotanda husogea zaidi, na mtu akajua ukubwa wa kitu asichoweza kukitia mkononi.

La pili ni la ajabu zaidi. Katika nukta za selenidi ya kadimiamu, hali ya chini kabisa ya eksitoni ni hali ya giza. Spini za elektroni na tundu zimejipanga kwa namna ambayo jumla ya mzunguko wao ni 2, ilhali fotoni moja hubeba 1 tu. Hesabu haifungi, na mwanga hauna ruhusa ya kutoka. Nukta ikiwa vuguvugu, eksitoni hupata msukumo wa kupanda hadi hali jirani iliyo na ruhusa, ikatoa mwanga ndani ya makumi ya nanosekunde. Nukta ikipozwa karibu na sifuri kamili, eksitoni hukwama gizani na huchukua hadi mikrosekunde nzima kuzima. Mwaka 1995 kundi la Bawendi pamoja na wananadharia wenzao walionyesha kwamba ukiongeza uga wa sumaku, muda huo hupungua. Uga ulioinama dhidi ya mhimili wa nukta huchanganya hali ya giza na ile ya nuru, na giza linapata njia ya pembeni ya kutoka. Yaani sumaku haikuubadili mwanga rangi. Iliuharakisha, na saa ndiyo iliyotoa ushahidi.

*Mheshimiwa, katika kazi yangu ya maabara mjini Jinja nimesikia kwamba nukta zikitiwa manganizi huwa sumaku. Je, hiyo si sawa na kuchanganya unga wa chuma? — Mtaalamu wa maabara, Jinja*

Si sawa, na tofauti yake inafaa kuelezwa. Unga wa chuma hubaki chuma, nao huvutwa na sumaku mezani. Hapa atomu chache za manganizi, pengine moja au mbili katika nukta nzima, huketi mahali pa kadimiamu ndani ya fuwele. Zote mbili huachia elektroni mbili, kwa hiyo mgeni haleti chaji ya ziada, analeta spini. Ioni ya manganizi ina elektroni tano zisizo na wenzi, zote zikielekea upande mmoja, na spini yake ni 5/2.

Mwanafunzi wa Mbarara ameona hapo juu jinsi uga wa nje unavyoigawanya eksitoni kidogo tu. Lakini uga huohuo ukizipanga spini za manganizi, nazo zikashikana na elektroni na tundu kwa nguvu ya kubadilishana, ile inayofungamanisha spini zilizo karibu, mgawanyiko unaweza kuwa mara mia au zaidi. Sumaku ya nje imepata mnyapara. Mnyapara huyu hata hivyo hufanya kazi kwenye baridi tu. Joto likipanda spini zake hutawanyika na mgawanyiko hushuka.

Kuzitia manganizi ndani si kazi rahisi. Kwa miaka mingi watu walichanganya viambato vyote, wakaosha nukta, wakakuta manganizi imebaki juu ya ngozi yake au imekwenda na maji ya kuoshea. Fuwele ndogo kama hii haina nafasi ya kumficha mgeni, na ioni lazima kwanza ishike vizuri kwenye uso wake wakati bado inakua ili tabaka linalofuata liifunike.

Ikiwa pengo la nukta ni pana kuliko nishati ya manganizi, mfano katika selenidi ya zinki, eksitoni humkabidhi mgeni nishati yote, naye hutoa mwanga wake mwenyewe wa rangi ya chungwa, karibu nanomita 585. Rangi hiyo haifuati ukubwa wa nukta, kwa sababu inatoka ndani ya ioni, si ndani ya chumba. Hudumu pia kwa milisekunde badala ya nanosekunde. Mtu akikuletea chupa mbili zenye rangi ileile ya chungwa, zima taa na upime muda wa kufifia. Chupa ya manganizi itajitaja.

Jambo lililonivutia zaidi lilichapishwa mwaka 2009. Watafiti waliangazia nukta za selenidi ya kadimiamu zenye manganizi pasipo sumaku yoyote karibu. Eksitoni iliyozaliwa na mwanga, kwa kuwa imebanwa katika chumba kidogo pamoja na manganizi, ilizishika spini hizo na kuzielekeza yenyewe. Hadi kelvini 50 hivi, ambayo ni nyuzi 223 chini ya sifuri ya Selsiasi, spini zilijipanga kikamilifu, na dalili za athari hiyo zilionekana hadi joto la kawaida la chumba. Mwanga ulitengeneza sumaku. Katika donge kubwa eksitoni ingetanda mbali mno, ikawagusa manganizi wengi kwa ulegevu. Ule ubanaji uliompa Mwalimu wa Iganga rangi zake ndio uliozipanga spini hizi.

*Mhariri, kwa nini hamuandiki nukta za kwanta kwa neno lake la Kiingereza ili tulielewe? — Msomaji, Arua*

Kwa sababu kila anayesoma Kiswahili anajua nukta ni nini, na anayejua kwanta atajua. Na asiyejua amekwisha kuelezwa hapo juu.

*Mzee Mhariri, mimi ni fundi wa televisheni. Vioo vilivyopasuka huwa navitupa nyuma ya karakana, na siku nyingine vijana huvichoma ili wapate waya. Je, hizo nukta zina sumu? — Fundi, Katwe, Kampala*

Fundi, inategemea. Zipo zilizotengenezwa kwa selenidi ya kadimiamu, na kadimiamu ni sumu inayokusanyika kwenye figo kwa miaka mingi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.01 ya kadimiamu kwa uzito katika kila malighafi ya vifaa vya umeme, ukiacha misamaha ya muda, na hiyo ni sababu kubwa iliyowafanya watengenezaji wengi wahamie fosfidi ya indiamu, isiyo na kadimiamu. Kwa kuitazama karatasi ya manjano huwezi kujua ni ipi uliyonayo.

Ikiwa nzima, karatasi hiyo haikudhuru. Nukta zimevikwa ganda la semikondakta nyingine, mara nyingi sulfidi ya zinki, kisha zikafungwa ndani ya plastiki kati ya tabaka mbili zinazozuia hewa na unyevu, kwa sababu hewa huziharibu haraka kuliko zinavyoweza kukuharibu wewe. Kuishika kwa mkono mkavu na kuiweka kando si tatizo. Kuchoma ndiko tatizo: moto huvunja plastiki na ganda, na kilichokuwa kimefungwa huingia katika moshi ambao vijana wako wanauvuta wakiwa wameinama juu yake. Waya za shaba zinaweza kuchunwa kwa kisu. Karatasi zikunje, zitie kwenye mfuko wa peke yake usioloa mvua, na uzitoe pamoja na bodi na betri kwa wale wanaokusanya taka za umeme, wala usizichanganye na takataka za sokoni.

Na kama kuna yenye ukubwa wa kiganja iliyobaki safi, naomba uniwekee. Mwalimu wa Iganga atahitaji kitu cha kuwaonyesha wanafunzi wake chini ya taa ya buluu.